Muuaji Asiyefunga Zizi

Karuba, Jumatatu tarehe 8 Juni

Kwa Ndugu Prince Niyonsenga,
Mtengenezaji wa filamu "Mugeni wa Ukungu",
Goma

Kuhusu: mwenendo wa Jean-Claude Sebahire ndani ya filamu yako

Ndugu Prince,

Jean-Claude Sebahire hatapitisha tena kikapu cha sadaka kanisani mpaka aeleze mwenendo wake. Hayo yalitangazwa jana baada ya ibada na Mama Adelaïde, mkuu wa wanaowapokea waumini mlangoni. Alipoulizwa ni mwenendo gani, Mama Adelaïde alijibu kwamba Karuba nzima imeuona kwa macho, juu ya shuka nyeupe, na wengine walikuwa wamekaa mstari wa mbele.

Shuka hiyo ilikuwa yako. Ndiyo sababu ya barua hii.

Kwanza nikupongeze. Filamu ya kutisha ya saa moja na nusu, iliyotengenezwa kwa kamera moja, simu mbili na barakoa iliyokatwa kwenye bidoni ya maji, si kazi ndogo. Watu tisa wanauawa kwa panga katika ukungu wa milima yetu, na wote tisa walionekana sokoni Ijumaa iliyofuata wakiwa wazima. Kwa hilo pia tunashukuru.

Unanijua kama mtangazaji wa redio yetu ya hapa, lakini leo ninakuandikia kama baba mdogo wa Aurélie, binti wa kaka yangu Guy. Jean-Claude, kijana uliyempa panga na bidoni, ameleta neno nyumbani kwa kaka yangu akimwomba Aurélie. Desturi yetu unaifahamu, ingawa umekaa Goma muda mrefu. Familia haijibu kabla ya kumtuma mtu mmoja kuchunguza. Mtu huyo anapita kwa majirani na kuuliza: kijana anasalimu? Analima? Akialikwa, anakula? Akitoka kwenye zizi la mtu, anafunga? Haulizi yaliyosemwa. Anauliza yaliyoonekana, na asiyeona kwa macho yake anaambiwa anyamaze.

Nilitumwa mimi, kwa kuwa kuuliza ndiyo kazi yangu. Nilipita nyumba zote zinazopakana na za akina Sebahire, na ripoti niliyoleta ilikuwa nzuri kiasi cha kuchosha. Kijana analima, anasalimu, hana maneno. Ilibaki familia kukaa na kusema ndiyo. Jumamosi iliyofuata ukatundika shuka yako katika ukumbi wa parokia.

Kaka yangu aliitazama filamu mpaka mwisho. Tulipotoka nje aliniambia, "Ile ripoti yako, tupa." Nikamweleza kwamba ile ni filamu. "Filme njo nini? Ule haikuwa Jean-Claude?" Nikakubali kwamba alikuwa Jean-Claude. "Haikuwa mabote yake ya kijani?" Buti zilikuwa zake. "Na pale haikuwa hapa kwetu?" Palikuwa hapa kwetu. "Basi, Athanase. Muntu ameonekana."

Uchunguzi ukafunguliwa upya. Familia itakaa Jumamosi hii kutoa jibu, na kwa jinsi mambo yalivyo leo, jibu ni hapana. Kwa wiki mbili nimekusanya maoni ya watazamaji hapa Karuba, na kwa kuwa kazi ilinipeleka Walikale, nimeyakusanya pia kwa wachimbaji wa dhahabu wa Omate, ambako filamu yako inaonyeshwa katika kibanda cha turubai karibu na mashimo. Ninayaweka hapa chini jinsi nilivyoyapokea. Nitangulize jambo moja ili usije ukajitetea bure: hakuna mtu hata mmoja aliyelalamika kuhusu mauaji. Muuaji anaua, wanasema, kama vile mchungaji anavyochunga. Malalamiko ni haya.

1. Kuhusu hodi. Mtu wa kwanza kuuawa ni Mama Olga, akiwa nyumbani kwake, anachambua maharagwe. Jean-Claude anaingia bila kupiga hodi. Nilimhoji marehemu mwenyewe, jikoni kwake. Haya ni maneno yake: "Kuniua ni sawa, Prince alinielezeaka mbele, tulisikilizana. Lakini muntu anaingia mu nyumba yangu kama upepo, mabote matope tupu, anakanyaga karpeti? Na ku meza kulikuwa viazi na sombe, bado ya moto. Hakugusa hata kimoja. Mutoto wa nani huyo?"

Nilimpelekea Jean-Claude swali hilo. Alisema kwamba siku ile alikuwa na njaa kweli, ila wewe ulimwambia muuaji hali. Maelezo hayo niliyafikisha kwa familia kwa nia njema. Yameongeza kosa. Kumbe alikuwa na njaa, na bado akakidharau chakula cha mama wa watu.

2. Kuhusu maharagwe. Katikati ya filamu, mtu mmoja anakimbizwa katika shamba la Papa Théophile. Mkimbizwa anakata shamba, na Jean-Claude anakata shamba nyuma yake, wakati njia ipo pale pembeni na kamera yako inaionyesha wazi. Ni maharagwe ya kupanda kwenye vijiti, Ndugu Prince, yakiwa yamebaki siku chache yavunwe. Vijiti vinasikika vikivunjika. Ukumbini mama mmoja alisimama na kupiga kelele, "Ku njia! Weye, pita ku njia!" Waliobaki wakamwitikia, "Ku njia! Ku njia!" na kelele hiyo iliendelea mpaka mtu wa watu alipokwisha kukatwa.

Baadaye niliwauliza waliokuwa ukumbini ni nani aliyeuawa katika sehemu hiyo. Hakuna aliyekumbuka. Walikumbuka shamba ni la nani, mbegu ilitoka wapi, na mistari mingapi ililala chini. Papa Théophile mwenyewe anathibitisha kwamba kesho yake asubuhi Jean-Claude alirudi na vijiti vipya, akasimamisha kila mche, akafunga kila kilicholegea, hakuombwa na mtu. Nilimsihi aje aseme hivyo mbele ya kaka yangu, akaja, akasema. Kaka yangu aliuliza, "Iko mu filme?" Haimo. Hukuipiga picha. Basi haikuonekana.

3. Kuhusu zizi. Hili ndilo lalamiko lililotajwa na watu wengi kuliko yote, na ndilo zito. Jean-Claude anajificha katika zizi la ng'ombe akimngoja mwalimu wa shule. Mwalimu anapita. Jean-Claude anatoka, anamfuata, na mti wa mlango anauacha chini. Nyuma yake ndama watatu wanatoka, mmoja baada ya mwingine, na wanaingia katika ukungu.

Kamera yako inamfuata mwalimu.

Kuanzia hapo hakuna aliyeitazama filamu yako kama ulivyotaka. Kila kichaka kilipotikisika ukumbi ulinyamaza, si kwa hofu ya panga, bali kwa tumaini kwamba ni ndama. Mara mbili alitokea Jean-Claude, na mara mbili watu waliguna kwa kukata tamaa. Mfugaji mmoja wa nyuma aliondoka kabisa akaenda kuangalia zizi lake mwenyewe, naye haamini filamu wala hajawahi kuiamini. Filamu ilipoisha, na majina yenu yakaanza kupanda juu ya shuka, watu walibaki wamekaa. "Na ndama?" aliuliza mtu. Nilikuona ukishughulika na nyaya.

Kaka yangu ana ng'ombe. Hawezi, amesema, kumkabidhi binti yake mtu ambaye akiwa na haraka anasahau mti wa zizi. Leo ni ndama, kesho ni watoto.

4. Kuhusu kukimbia. Msichana wa chuo anatoka nyumbani akimkimbia muuaji, na anakimbia mikono mitupu. Sehemu hii, ambayo nadhani uliikusudia kuwa ya kutisha kupita zote, ilichekwa mpaka jenereta ikawa haisikiki. Watu wa hapa wanajua kukimbia, Ndugu Prince. Hawakujifunza kwa kupenda, lakini wanajua. "Huyu dada hajawahi kimbia hata siku moja," alisema mama aliyekaa mbele yangu, mtoto mgongoni. Akaanza kumwelekeza kwenye shuka: "Godoro! Chukua godoro! Sufuria iko nyuma ya mulango, tia bunga ndani! Mbuzi unamwachia nani?" Msichana hakusikia. Alifika msituni, akakumbuka simu, akarudi kuichukua. "Anarudia ju ya simu!" wakasema. "Simu utapika?"

Watazamaji wa mahali pengine huenda wangefumba macho hapo. Wetu walikuwa wanasahihisha.

Utauliza kosa la Jean-Claude hapa ni lipi, kwani si yeye aliyesahau godoro. Niliuliza hivyo hivyo. Kaka yangu alijibu kwamba kijana mwenye malezi, akimwona mtu anakimbia bila kitu kichwani, hata kama anamfukuza, lazima amuulize vitu vyake viko wapi.

5. Kuhusu kilio. Wanakufa watu tisa katika kijiji kimoja na hakuna kilio hata kimoja. Hakuna moto uani, hakuna benchi zilizoazimwa, hakuna anayeleta kuni. Mume anauawa, na baada ya hapo tunamwona mke wake anasuka nywele. Asubuhi yake watu wote wako shambani na majembe, kana kwamba jirani yao hakulala chini ya udongo. Jean-Claude, ambaye katika filamu ni mtu wa kijiji hicho hicho, haonekani kwenye msiba wowote. Asiyekuja kwenye msiba wa jirani, sisi tuna jina letu kwake, na si muuaji. Ni baya zaidi.

Walioniambia jambo hili hawakucheka. Mama mmoja, aliyeomba nisimtaje jina, alisema kuna watu wake aliowazika njiani, bila kukaa, bila moto, bila wimbo. "Ile ilikuwa vita," alisema. "Sasa Prince, yeye alikuwa anakimbilia wapi?"

Ninalinakili swali lake kama lilivyo, na ninaendelea.

6. Kuhusu Omate. Nilitumaini kwamba wachimbaji, ambao hawana shamba la maharagwe wala zizi, wangenipa ushahidi wa kumtetea kijana wetu. Waliitazama filamu mara mbili mfululizo. Hawakumwogopa Jean-Claude. Walimpima. "Angalia mukono. Anapiga mara moja, harudilie." "Na kile kilima anapanda bila kupumua." "Anafanya kazi muzuri, lakini anafanya ye peke. Ekipe yake iko wapi? PDG wake ni nani?" PDG, kule, ni mwenye shimo, anayelisha kundi lake na kuligawia linachopata, na mtu asiye na PDG wanamwona kama yatima. Walinihurumia. Mwishowe mmoja wao alinishika bega: "Papa, umuambie ule kaka atoke mu ukungu, akuje huku. Nafasi iko. Anaanza hata siku ya kwanza."

Nilifanya kosa la kuripoti hilo kama sifa. Kaka yangu aliweka kikombe chini. "Kumbe njo vile. Nitamupa mutoto wangu, halafu ye anaenda kulala mu shimo Walikale? Aurélie ataolewa na shimo?" Tangu siku hiyo anasema Jean-Claude yuko njiani kwenda Omate, na kila anapomwona kijana amebeba begi, hata likiwa la viazi, anamhesabia safari.

Hayo ndiyo malalamiko. Mengine madogo nimeyaacha, kama lile la mawese yaliyotumika kuwa damu, ambayo akina mama wanasema yangepika sombe ya ubatizo mzima, na lile la bidoni nzima iliyokatwa kwa ajili ya uso wa mtu anayejulikana kwa mabote.

Sasa maombi yangu. Kwa mtu mwenye kamera, nakadiria ni kazi ya siku mbili, na watu wa Karuba wako tayari kujitolea tena.

Naomba kwanza Jean-Claude apige hodi kwa Mama Olga, afute mabote, akae, ale. Akimaliza, aendelee na aliyojia. Naomba pia kwenye shamba la Papa Théophile apite njiani. Najua kwa njia ni mbali kidogo na mkimbizwa anaweza kumponyoka, basi mkimbizwa naye apite njiani, wote wawili, kwa mstari. Kwenye zizi arudishe mti. Kama ndama watakuwa wameshatoka, awarudishe kwanza, na mwalimu aombwe kusubiri au, bora zaidi, amsaidie, maana mtu mmoja hawezi kuwazuia ndama watatu katika ukungu.

Msichana wa chuo apewe godoro, sufuria na mbuzi. Akiwa na mizigo hiyo hatafika mbali, na Jean-Claude akimfikia hatakuwa na sura ya kumpiga mtu aliyebeba hivyo. Atambebea sufuria. Hapo tumemwokoa mmoja, na mwalimu ni wa pili, kwani sijamwona mtu akimkata aliyetoka kumsaidia kukamata ndama. Aliyepita njiani kwa mstari ni wa tatu. Watakuwa wamefika barabarani, na barabarani kuna watu.

Wanabaki sita. Kwa hao, kilio kifanyike kwa kila mmoja, na Jean-Claude ahudhurie kama jirani. Alete kuni, akae na wanaume, asikie historia ya marehemu kuanzia ubatizo. Unajua vilio vyetu havimalizwi kwa asubuhi moja. Nimejaribu kupanga vilio sita katika kijiji kimoja na nimeona kwamba muuaji hapati nafasi ya kuua mtu wa pili kabla ya kumaliza kumlilia wa kwanza, na akishamlilia wa kwanza kwa moyo, akala na watoto wake, akasaidia kurudisha benchi, hataweza tena. Kwa hiyo anabaki maiti mmoja, ambaye ni Mama Olga.

Nilimpelekea Mama Olga pendekezo hilo. Alikataa. Anasema mtu akipiga hodi, akafuta mabote, akala viazi vyake na kushukuru, haiwezekani amuue baada ya hapo, na akimuua, watu watasema chakula kilikuwa kibaya. Nimemwelewa.

Kwa hiyo filamu itakuwa hivi: kijana mwenye panga, kwa kuwa ametoka kukata majani ya ng'ombe, anatembea katika ukungu. Anafika kwenye nyumba, anapiga hodi, anapewa chakula, anaaga, anafunga zizi, anapita njiani, anakwenda nyumba ya pili. Usidhani haitatisha. Nimeisimulia kwa watu watano, na wawili walisema hiyo ndiyo wangeiogopa zaidi, kwa sababu hakuna anayetembelea nyumba zote hizo kwa siku moja bila jambo, na filamu inaisha kabla hajasema jambo lenyewe.

Kama haiwezekani kuitengeneza upya kabla ya Jumamosi, naomba angalau barua yenye sahihi yako, ukikiri mbele ya familia kwamba makosa ya adabu yalikuwa yako wewe mtengenezaji, na kwamba Jean-Claude alipewa mauaji tu.

Nisikufiche hali ya nyumbani. Aurélie halii. Anapiga jembe kuliko kawaida yake. Nilipomwuliza kama mtazamaji, kwa kuwa uchunguzi hauruki mtu, alinijibu hivi: "Baba mudogo, andika vile unataka. Mi ule muntu namujua. Hata kuku anashindwaka kuchinja, anageuza uso, mi njo namushikiaka kisu. Na panga ile mu mukono, alikuwa anaomba watu pole mbele ya kila scene, muulize Prince. Mukimukataa, mi nabakia hapa, lakini musiniletee mwengine." Hayo ya kuku sikuyafikisha kwa kaka yangu. Mkwe asiyeweza kuchinja kuku mgeni anapofika, hilo ni lalamiko la saba, na sitaki liwe saba.

Ninasubiri jibu lako, na ninaamini kwamba mtu aliyeweza kufanya asubuhi yetu ionekane kama usiku anaweza pia kumfanya kijana mmoja aonekane jinsi alivyo.

Msalimie mama mzazi, na fundi wa jenereta, ambaye alitutendea vizuri. Mama Olga anakusalimu na anauliza kama kitambaa chake chenye mawese kimekauka. Papa Théophile anakusalimu. Mwalimu anakusalimu, ingawa wanafunzi wake sasa wanamwita marehemu. Kaka yangu Guy amesema nisikusalimie kwa niaba yake, nami natimiza.

Wako katika ukweli wa mambo yaliyoonekana,

Athanase Kanyamibwa
Karuba

N.B. Jumanne, saa kumi jioni. Barua ilikuwa tayari kwa mtu wa pikipiki nilipompokea mgeni mlangoni pa redio, Papa Byukusenge wa Kibabi, mkulima, baba wa mabinti wanne. Filamu yako imefika Kibabi kabla yako, kutoka simu hadi simu. Alikuwa anatafuta nyumba ya wazazi wa "ule kijana wa panga". Nilimwomba maoni yake kama mtazamaji. Alisema: "Filme yenyewe haina maana. Lakini ule kijana! Anaamuka na ukungu, anatumika muchana kutwa, mvua ao jua, hanywe, havute, hapige hadisi na watu. Kazi yake moja, anaimaliza. Siku hizi utapata wapi mukwe kama ule?" Alikuwa amevaa koti la Jumapili.

Nilimjulisha kaka yangu kwa simu. Aliniuliza kama Papa Byukusenge ameshaonyeshwa nyumba. Nikasema bado, amekaa hapa anakunywa chai. "Umuletee chai ingine," alisema. Familia ilikaa papo hapo, bila kungoja Jumamosi, na Jean-Claude aliitwa kutoka shambani na udongo wake. Nilipofika nilikumbusha, kwa haki ya uchunguzi, hodi, maharagwe, ndama, godoro, vilio na Omate. Kaka yangu alinitazama mbele ya wote kwa masikitiko. "Athanase. Weye muntu wa redio, unashindwa aje kuelewa? Ile ni filme."

Kwa hiyo naomba usibadilishe kitu. Hodi isipigwe. Ndama wabaki huko huko. Ukiweza, ongeza mtu wa kumi, ila asiwe wa kwetu.

Mahari inapokelewa Alhamisi hii, tarehe 11 Juni, saa nne asubuhi, hapa Karuba, na unaombwa uje na kamera. Papa Byukusenge naye amealikwa. Kaka yangu amemwambia ni tarehe 20.